Musimuache Peke Yake

Kaka yangu alianza kwa kuacha kupiga pasi.

Alikuwa deklarani kule Bunagana, mpakani na Uganda, yaani mtu anayejaza makaratasi ya forodha ili lori lipite. Kazi hiyo aliifanya akiwa amevaa shati jeupe, na shati alilipiga pasi mwenyewe kila asubuhi, kwa pasi ya makaa, hata baada ya kuoa. Wifi alikuwa akilalamika kwa kucheka kwamba ameolewa na mwanaume mwenye wake wawili, yeye na pasi. Vita vilipofika kule ofisi zikafungwa, wifi akavuka na watoto kwenda kwa ndugu zake upande wa pili, na kaka akaja kwetu Goma, mtaa wa Ndosho, ninakoishi na mama. Alikuja na begi moja na ile pasi. Hakuacha. Hana ofisi, hana lori, hana bosi, lakini jua likichomoza unamkuta uani, amechuchumaa juu ya yale mawe meusi ya volkano, anapuliza makaa. Majirani walimtania, wakimuuliza leo anapitisha lori gani.

"Ya kwako," anajibu, "siku utanunua."

Kiangazi kimoja pasi ikabaki chini ya kitanda. Alipotoka na shati lenye mikunjo nilidhani makaa yametuishia. Alipotoka nalo kesho yake, lile lile, nilikwenda kutazama gunia: makaa yalikuwepo. Kisha akaacha kuwapigia watoto wake simu. Wao wakipiga, anasema rezo, yaani mtandao, ni mbaya, na mimi nimesimama pembeni nazisikia sauti zao wazi kabisa, wanamwita. Mwisho akamgawia jirani ile pasi. Hakuiuza, alimgawia tu, akarudi ndani, akajilaza akiangalia ukuta.

Nilijua maana yake, kwa sababu kujua ndiyo kazi yangu. Jumamosi asubuhi nina kipindi cha afya katika redio moja ndogo hapa mjini. Nimesema hewani kuhusu maji ya ziwa na kipindupindu, kuhusu chanjo, kuhusu Ebola, kuhusu mpox. Nimewaimbia watu wimbo wa kunawa mikono mpaka watoto wa mtaa wakiniona njiani wanasugua viganja na kukimbia. Miaka hii ya karibuni tukaongeza magonjwa ya mawazo, maana mji huu umejaa watu wanaotembea vizuri, wanauza, wanasalimia, na ndani hakuna mtu. Akaletwa mwanasaikolojia, bwana mpole anayevaa soksi na kandambili, akatufundisha namna ya kusema. Alisema watu hawabadiliki kwa kutishwa. Alisema ujumbe uwe mfupi, na uwe kitu ambacho mtu anaweza kukifanya leo, kwa mikono yake, kwa alichonacho. Kuhusu mtu anayechoka kuishi, tukakubaliana juu ya mambo matatu. Muulizeni waziwazi kama anawaza kujiua, kwa sababu swali halimpi wazo, linamfungulia. Musimuache peke yake. Mupelekeni kwenye kituo cha afya. Nilikuwa nayasema hayo bila karatasi, kwa sauti tamu, kisha tunaweka wimbo.

Mambo matatu. Na nyumbani kwangu nilishindwa hata la kwanza.

Nieleze kwa nini, maana wasomaji wa mbali wataniona mjinga. Sisi ni watu wa Rutshuru. Kwetu mtu aliye hai haulizwi kuhusu kifo chake. Ukimuuliza umemnyooshea kidole. Akifa kesho, hakuna atakayesema aliugua, watasema ni wewe uliyemuitia. Mama yangu anasali kila siku, anajua Biblia kuliko katekista, na hilo analishika sawasawa na amri za Mungu. Nilipojaribu mara ya kwanza, jikoni, mimi na yeye tu, nikamwambia mama, nadhani kaka anataka kujiua, alinipiga mwiko wa ugali mkononi kama mtoto.

"Ile neno isiingie mu nyumba yangu," alisema. "Uibakishe kule kwa radio yako."

Halafu kaka ni mkubwa wangu. Yaya, ndivyo tunavyomwita mkubwa wa kuzaliwa hapa kwetu. Baba alipofariki ndiye aliyenisomesha. Mtu aliyekununulia madaftari hadi ukamaliza shule, utamkaribia vipi umuulize kama anataka kufa? Nilizunguka. Nilimuuliza kama amelala vizuri. Nilimuuliza kama kichwa kinamuuma. Nilimuuliza kama amekula, nikamuuliza tena kama amekula. Alijibu ndiyo kwa kila kitu. Nikitoka chumbani mwake nilikuwa nakichukia kipindi changu, naichukia sauti yangu mwenyewe ile tamu.

Jumamosi moja nikafanya hila. Nilijifanya nasoma ujumbe wa msikilizaji. Nikasema hewani: msikilizaji wetu wa Ndosho anauliza, mgonjwa ni mkubwa wake, na nyumbani kwao swali lenyewe ni marufuku, afanye nini. Mwanasaikolojia alinitazama juu ya kipaza sauti. Si mtu wa haraka. Akasema, basi angalau asiachwe peke yake, majirani waje, jamii ikae naye, asiamke akakuta nyumba tupu. Wimbo ulipoanza akanishika mkono.

"Ni nani?"

"Ni musikilizaji."

Hakubishana nami. Akaniambia daktari anayeandika dawa kwenye kile kituo tulichokuwa tukikitaja amevuka mpaka na hajarudi, wagonjwa wamelala hadi kwenye baraza, lakini atahangaika apate nafasi juma lijalo. Juma lijalo. Nilikwenda nyumbani, na usiku nikahesabu pumzi za kaka kupitia ukuta wa mbao.

Sasa, kuna jambo sikulifikiria, na ningepaswa kulifikiria, kwa maana ni sisi wenyewe tuliolianzisha. Katika kila mtaa tuna kilabu cha wasikilizaji. Wanawake wanakusanyika kwenye redio moja, wanasikiliza kipindi, wanajadili, halafu wanachagua kitendo kimoja cha kufanya. Cha Ndosho kinaongozwa na mama mmoja muuza sombe, majani ya muhogo, mnene, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya ziwa. Tunamwita mama prezidanti. Kwake ujumbe wa redio ni amri. Tukisema chemsheni maji, yeye anapita kufunua sufuria za watu. Tulipozungumzia nzi, alisimamisha barabara nzima kuchimba shimo la takataka, na mwanaume mmoja aliyebisha akajikuta na koleo mkononi bila kujua alilipokea saa ngapi. Nilikuwa nikimsifu kwenye mikutano. Nilikuwa nikisema, laiti kila mtaa ungekuwa na mmoja kama huyu.

Na mtaa wetu hauna siri. Msikilizaji wa Ndosho mwenye mkubwa mgonjwa! Nyumba ngapi Ndosho zina mwanaume aliyegawa pasi yake?

Jumatatu nilikwenda redioni kurekodi tangazo. Nilirudi alasiri kwa pikipiki. Kwenye kona, pale panapouzwa makaa, dereva akapunguza mwendo, akaniambia bila kugeuka:

"Mama, kwenu kuko kilio."

Nikaangalia. Juu ya ua wetu kulikuwa na turubai. Chini yake viti vya plastiki vya kanisa, na wanaume wamekaa wakiuzunguka moto wa magogo, wamenyamaza, mikono kwenye magoti. Wanawake wamejifunga vitenge kiunoni, wako chini kwenye mikeka. Sufuria kubwa ya chai juu ya mafiga. Na mama yangu kwenye mkeka wa kati, amenyoosha miguu, kitambaa cha kichwa kimefunguliwa, mwanamke mmoja huku, mwanamke mmoja huku. Hivyo ndivyo anavyokaa mama wa marehemu. Hakuna mtu mwingine anayekaa hivyo.

Sikumbuki kushuka kwenye ile pikipiki. Nakumbuka mawe, kwa sababu yalinikata magoti na alama ninazo. Nakumbuka sauti, na baadaye wakaniambia ilikuwa yangu. Nilikuwa naita yaya, yaya, na ndani ya kichwa changu kitu kimoja tu kinazunguka: hukumuuliza, hukumuuliza. Mikono ya wanawake ilinishika kwapani kama inavyomshika mfiwa. Mmoja alikuwa anapiga kelele sikioni mwangu na sikumsikia, mpaka aliponishika mashavu akanigeuza.

"Hakufa! Eko ndani. Eko muzima."

Alikuwa mama prezidanti. Uso wake ulikuwa umejaa jasho na aibu kidogo, aibu ya mtu ambaye hakutegemea kazi yake ipokewe hivyo.

Nilikaa pale pale chini. Nilitaka kucheka, nikatapika. Nilipoweza kusema, nilimuuliza hii ni nini.

"Ni maneno yako," alisema. "Ulisemaka kwa radio, mutu wa vile asiachwe peke yake. Siye tulijua ni nani. Tumekuja kuikala naye."

"Mumemufanyia kilio. Mutu eko anapumua, munamufanyia kilio."

"Basi unataka tuikale namna gani?"

Aliuliza kweli, hakuwa ananijibu vibaya. Hatukuwahi kusema namna gani. Tulisema asiachwe, tukaweka wimbo. Na hapa kwetu watu wanakaa pamoja bila kualikwa, usiku na mchana, bila mwenye nyumba kuwauliza mmefuata nini, mahali pamoja tu, kwenye kilio. Harusi ina mwaliko. Kanisa lina saa. Kumtembelea mgonjwa ni kusalimia na kuondoka. Walipotafuta katika maisha yao yote namna ya kutomwacha mtu peke yake, walikuta moja, wakaileta nzima, na turubai lake.

Wakati huo huo watu wa barabarani walikuwa wanaingia. Mtu akiona turubai na moto haulizi, anapita kwake kuchukua makaa kidogo au bidoni ya maji, anaingia, anapata kiti. Kwaya ya kanisa ilikuwa imeanza kusafisha koo. Mwanaume mmoja wa jumuiya alisimama, akavua kofia, akaanza kumsifu kaka, unyoofu wake, usafi wake, namna alivyokuwa hawasumbui watu. Nikamrukia. Tumefundishwa, na tumewafundisha, kwamba mtu aliye kwenye hali ile asionyeshwe kifo kikiwa kitamu. Na dirisha la kaka liko hatua chache tu kutoka kwenye moto. Pazia lilikuwa linatikisika.

"Nyamaza," nilimwambia yule baba, mtu mzima, mwenye heshima zake. "Nyamaza kabisa." Akakaa, ameshika kofia.

Nilimgeukia mama. Ni yeye niliyemkasirikia zaidi. Mwiko juu ya mkono kwa sababu ya neno moja, halafu anafungua geti kwa kilio kizima.

"Mama, uliachaje waingie?"

Hakuniangalia. "Kama watalia, walie sasa," alisema. "Angalau anasikia."

Ndipo nikaelewa kwamba alijua. Alijua siku zote, labda kabla yangu. Macho yake yalikuwa yamevimba na sauti imekwisha. Alikuwa amelia tangu asubuhi kwenye mkeka ule, kwa kweli, kilio cha mama aliyezika.

Nilimpigia mwanasaikolojia. Rezo ilikuwa inakatika. Nikamweleza kwa kelele, nimesimama karibu na pipa la maji, kwamba mgonjwa ni kaka yangu, kwamba watu wamefanya hivi na hivi, niwafukuze au nifanye nini. Kisha nikasikia: "Usifukuze mtu. Umemuuliza?" Simu ikakatika.

Niliingia bila kubisha. Chumba kilikuwa na joto na harufu ya mtu asiyefungua dirisha. Alikuwa amesimama nyuma ya pazia, shati limemkaa ovyo, ndevu zimeota.

"Nani alikufa?" aliniuliza.

"Hakuna."

"Mama ameikala chini. Kwaya imekuja. Nani alikufa?"

Nikamwambia. Sikupamba. Nikamwambia walisikia redioni kwamba mtu asiachwe peke yake, wakaja kukaa naye, na hawakujua namna nyingine. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka, kicheko kikavu, kifupi, sijawahi kukisikia kwake.

"Basi miye nabachelewesha," alisema.

Hapo woga ulinitoka. Si kwamba nilipata ujasiri, hapana, nilikuwa tayari nimeshamlilia, nimeshaanguka kwenye mawe kwa ajili yake, hakukubaki cha kuogopa zaidi. Nikakaa kwenye kitanda chake.

"Yaya, unawaza kujiua?"

Neno lilitoka dogo. Hewani lilikuwa na uzito, na muziki nyuma yake. Chumbani lilikuwa neno tu, kama kumuuliza mtu kama ameona funguo. Nyumba haikuanguka. Nje mtu alikuwa anagawa vikombe.

Akakaa pembeni yangu.

"Ndiyo," alisema. Kisha: "Tangu nifike hapa, batu bananiuliza tu kama nilikula. Asubuhi, umekula. Mangaribi, umekula. Mama, weye, majirani. Nikajua hii ingine hakuna ataniuliza."

Nilitaka kulia, nikajizuia, kwa maana tumefundishwa pia kwamba mgonjwa asianze kukubembeleza wewe. Nikamshukuru kwa kuniambia. Ndiyo, nilisema maneno yale ya semina, asante kwa kuniambia, na yalisikika ya kipuuzi kama nilivyoogopa, lakini hakuyacheka. Nikamuuliza kama alikuwa amejiandaa. Akainama, akatoa kitu alichokuwa amekificha, akanipa. Sitakitaja. Hewani hatukitaji, na hapa pia sitakitaja. Nilikifunga kwenye kitenge changu, na kilinichoma ubavuni kana kwamba kina moto.

"Sasa?" aliuliza.

Nikamwambia kuna kituo, kuna daktari, wanamtafutia nafasi.

"Lini?"

"Juma lijalo. Labda."

"Na mpaka juma lijalo?"

Hewani, baada ya sentensi ile ya kituo cha afya, tunaweka wimbo. Mimi sikuwa na wimbo. Nilibaki nimemshika mkono, mkono wenye kidole kilichopinda kwa kalamu ya miaka mingi. Mji una hospitali ambazo watu wamelala chini. Barabara zinafungwa na kufunguliwa na wenye bunduki. Wifi na watoto wako ng'ambo. Nilitazama kila mahali ndani ya akili yangu kama mtu anayetafuta kiberiti gizani, na kitu pekee nilichokuwa nacho kilikuwa kile kichekesho kule nje, kilio cha mtu aliye hai.

Ni yeye aliyesimama. Akafungua mlango.

Kwaya ilikata wimbo katikati ya neno. Mwanamke mmoja alibaki ameinamisha birika na chai inamwagika. Hakuna anayejua namna ya kumsalimia mtu aliyekuja kwenye kilio chake mwenyewe. Kaka alisimama mlangoni, mwanga ukimuumiza macho, na nikaona kwamba atarudi ndani, na akirudi ndani safari hii hatatoka.

Mzee mmoja wa nyumba ya tatu aliinuka kwenye kiti chake. Alikwenda polepole, akampa kaka mikono yote miwili, kama anavyopewa mfiwa.

"Pole sana," alimwambia.

Kaka alimtazama.

"Asante, muzee."

Wakaja wengine nyuma yake, mmoja mmoja, pole, pole sana, jikaze, na yeye anajibu asante, asante. Hakuna aliyepanga. Baada ya muda kaka yangu hakuwa tena maiti ya kilio kile. Alikuwa mwenye msiba. Nami nilisimama nikaona nilichokuwa nimekisoma kama orodha ya dalili kwa miezi yote ile: mtu huyu amefiwa na nyumba, amefiwa na kazi, watoto wake wanakua akiwa hayupo, na hakuna aliyemwambia pole hata siku moja, kwa sababu hakukuwa na jeneza. Walimpeleka kwenye mkeka, wakamketisha karibu na mama. Mama alimshika shingo, akaacha mkono wake pale.

Hapa kwetu mfiwa ana kazi. Kila anayefika humweleza ilivyokuwa, ugonjwa ulianzia wapi, walikimbilia wapi, neno la mwisho lilikuwa lipi. Wageni husikiliza. Hakuna anayemkatiza mfiwa, hakuna anayemshauri, hata mchungaji anangoja. Mama prezidanti alijisogeza kwenye mkeka, akakunja mikono.

"Sasa utuelezee vile ilikuwa."

Nilitaka kumtetea kaka, nikaona ameanza.

"Siku ile nilikuwa nangoja lori moja ya mbao," alisema.

Alieleza Bunagana. Alieleza mhuri alioufungia kwenye droo akidhani atarudi baada ya chakula. Alieleza milio ya kwanza, na namna alivyomwambia mteja wake asiogope, na aibu anayoisikia mpaka leo kwa kumwambia vile. Alieleza mpakani, mke wake akiwa na mtoto mgongoni, umati ukiwasukuma, na jinsi alivyoachia mkono wa binti yake wa kwanza ili binti asivunjike. Hapo alilia. Hakuna aliyemwambia nyamaza. Akaeleza barabara, Rutshuru, Rumangabo, watu wanatembea na magodoro vichwani, na yeye ana pasi. Kwenye pasi watu wakacheka, na yeye pia, kidogo. Kisha geti likalia, akaingia mama mwingine na makaa kwenye mfuko, akakaa, na kwa desturi ikabidi kaka aanze tena tangu lori la mbao.

Alianza tena mara nyingi alasiri ile. Kila mara alikumbuka kitu zaidi. Nilisimama kwenye pipa la maji nikimsikiliza, na ninyi mtafikiri nilifurahi. Niliogopa. Kilio kina mwisho wake. Watu wanazika, wanakuja siku ya kumaliza, wanakunywa, wanabeba viti. Hiki kingemalizwa na nini?

Jua lilipoinama wakaanza kuondoka, maana njia zetu si za kutembea baada ya giza. Turubai lilikuwa la kanisa. Wakalishusha. Kaka alibaki kwenye mkeka, sauti imekauka, akatazama vijiti vinang'olewa.

"Kesho nani atakuja?" aliuliza.

Mtu aliyekuwa amejiandaa kutokuwa na kesho aliuliza kuhusu kesho.

"Miye," alisema mama prezidanti, akijifunga kitenge, kwa sauti ya mtu anayejibu bei ya sombe.

Alikuja. Wakaja na wengine, kwa zamu, bila turubai, wakiwa na kazi zao mikononi, wanapepeta mchele, wanasuka. Nafasi ya daktari ilipatikana, si juma lile bali baadaye, na kaka alipata dawa, ambazo siku nyingine zipo na siku nyingine hazipo mjini. Yuko hai. Ninaandika haya na yuko hai, namsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta. Kila alasiri anakaa uani, ameelekea geti. Kila jioni anauliza swali lile lile, nani atakuja kesho, na mtu wa zamu anajibu.

Lakini zamu zimepungua. Simlaumu mtu. Mmoja amehamia Mugunga kwa mwanawe, mwingine ameugua, wengine biashara imewafia na wanatembea kutwa nzima kutafuta cha kupika. Hadithi ya lori la mbao wote wanaijua. Jumamosi bado naingia studio nasema mambo matatu, muulizeni, musimuache, mupelekeni. Nikifika kwenye la pili sauti inanikwama, na fundi mitambo anadhani ni mafua.

Jana mama prezidanti hakuja. Amekwenda Sake kuzika dada yake, na yeye sasa ndiye aliyekaa kwenye mkeka wa kati. Jioni uani tulikuwa watu watatu, mama, kaka na mimi. Akauliza.

"Kesho nani atakuja?"

Mama aliangalia chini. Nikasema, haraka, kwa ile sauti yangu ya redio:

"Miye, yaya. Miye niko."

Alinigeukia. Hakuwa na hasira, alinielekeza tu, kama mtu anayemwonyesha mteja mahali alipokosea kwenye karatasi.

"Weye unaishi hapa," alisema. "Niliuliza nani atakuja."

Leo nimetoka getini kabla sijanawa uso, nikasimama barabarani, nikatafuta mtu yeyote anayepita bila haraka.